Mzazi mwenzio kabaki na mtoto nje ya nchi: msaada uko wapi na uanzie wapi

Wengi wakisikia mtoto katoroshwa wanawaza gari jeusi na mtu kavaa kofia, kumbe kesi nyingi za mzazi kumtorosha mtoto nje ya nchi zinaanza na tiketi halali ya kwenda na kurudi. Chukulia mama anaishi na mumewe Leicester, Desemba wanakubaliana aende na mtoto Moshi kula Krismasi kwa bibi, warudi kabla shule hazijafunguliwa, Januari inafika ndege inaondoka wao hawamo, jioni simu inapigwa kwamba sisi tumeamua kubaki huku na mtoto ameshanunuliwa yunifomu. Au baba anambeba binti kutoka Mombasa kwenda Muscat kumsalimia shangazi wiki mbili, wiki mbili zinageuka miezi. Hakuna aliyeruka ukuta wala kudanganya uhamiaji, na ruhusa ya kusafiri ilikuwepo kabisa. Ila kumbakiza mtoto kupita muda mliokubaliana bila ridhaa ya mzazi mwingine mwenye haki ya malezi, kwenye sheria za kimataifa kuna uzito uleule na kumbeba kwa siri usiku.

Mzazi aliyeachwa sasa anaanza kuzunguka. Ubalozini wanamwambia nenda mahakamani, polisi wanamwambia hii ni kesi ya familia, mjomba anamwambia subiri hasira zipoe, na mwezi unakatika hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba msaada wa mambo haya unafuata maswali mawili ambayo watu huwa hawaanzi nayo: mtoto alikuwa anaishi wapi kwa kawaida kabla ya hiyo safari, na sasa hivi yuko nchi gani. Watu wanaanza na uraia, "lakini mwanangu ana pasi ya Uingereza", "lakini huyu ni Mtanzania kwao ni huku", na uraia kwa kweli unasaidia kidogo sana kuliko mnavyodhani. Cha maana ni pale alipokuwa na shule yake, daktari wake, kitanda chake. Ukishajibu hayo mawili ndo unajua mlango upi ni wako.

Mlango wa kwanza ni Mkataba wa Hague wa tarehe 25 Oktoba 1980 kuhusu utoroshaji wa watoto, ulioanza kufanya kazi Desemba 1983 na sasa una nchi zaidi ya 100. Huu unahusu watoto chini ya miaka 16, na lengo lake ni moja tu, mtoto arudishwe haraka nchi aliyokuwa anaishi ili mahakama ya kule ndo iamue akae na nani. Hapa watu wanachanganyikiwa sana. Hakimu wa kesi ya Hague haulizi nani mzazi bora, nani ana hela, nani anajua kupika, na amri ya kumrudisha mtoto haimaanishi anakabidhiwa kwa mzazi aliyelalamika. Inamaanisha anarudi Leicester, halafu mkagombane Leicester. Kuna akina mama wanaorudi na watoto wao, wanafungua kesi kule kule na wanapewa malezi pamoja na ruhusa ya kuhama, safari hii kwa karatasi.

Kila nchi mwanachama inatakiwa iwe na ofisi maalumu ya kupokea maombi haya, inaitwa Mamlaka Kuu. Marekani ni Office of Children's Issues ndani ya wizara ya mambo ya nje, England na Wales wana kitengo kinaitwa ICACU, Ujerumani ni Bundesamt für Justiz kule Bonn, Afrika Kusini ni ofisi ya Family Advocate. Unajaza fomu kwenye ofisi ya nchi unayoishi wewe, wao wanaituma kwa wenzao wa nchi aliko mtoto, na kule mtoto anatafutwa, mzazi anaombwa amrudishe kwa hiari, akigoma inaenda mahakamani. Huhitaji kuwa na amri ya mahakama ya malezi mkononi ndo uombe, inatosha kwamba kwa sheria ya nchi mliyokuwa mnaishi una haki ya malezi na ulikuwa unaitumia. Na mtoto akiwa amepelekwa England, mzazi anayeomba arudishwe kwa Hague anapata msaada wa wakili bure bila kuulizwa kipato, kitu ambacho wengi hawakijui wanaanza kuchangisha kwenye magrupu ya WhatsApp.

Sasa habari mbaya kwetu. Tanzania haimo kwenye mkataba huu, Kenya haimo, Uganda haimo, na Oman pia haimo. Afrika waliomo ni kama Afrika Kusini, Zimbabwe, Zambia, Botswana, Mauritius, Moroko na Tunisia. Na wanaosema nchi zenye sheria ya Kiislamu haziwezi kuingia waangalie hao Moroko, na Pakistani nayo imo. Zaidi ya hapo, nchi ikijiunga leo haimaanishi kesho inafanya kazi na wote, wanachama wa zamani wanatakiwa waikubali mmoja mmoja, kwa hiyo hata wote wawili mkiwa kwenye orodha bado unauliza kama hizi nchi mbili zimekubaliana.

Kwa hiyo mtoto aliyekuwa anaishi Minneapolis akipelekwa Arusha, Hague haipo. Aliyekuwa anaishi Nairobi akipelekwa London, Hague pia haipo, maana mkataba unataka nchi zote mbili ziwe ndani, ila hapo kuna unafuu kidogo, Mahakama Kuu ya kule London ina uwezo wake yenyewe wa kuamuru mtoto arudi Nairobi ikiona ndo kheri yake, tena inaweza kuagiza pasipoti zikamatwe na mtoto atafutwe. Aliyetolewa Lusaka kwenda Johannesburg, nchi zote mbili zimo, kinachobaki ni kuuliza kama zimekubaliana. Umbali hauna uhusiano na ugumu, Namanga ni kutembea kwa miguu dakika chache na kesi yake inaweza kuwa ngumu kuliko ya bahari mbili.

Tukae kidogo kwenye saa na kalenda maana hapa ndo watu wanapoteza. Mkataba unataka mahakama imalize ndani ya wiki 6. Hali halisi, utafiti wa kesi za mwaka 2021 ulikuta wastani wa siku 207, na waliorudi kweli walikuwa kama asilimia 39 ya maombi. Halafu kuna mstari wa mwaka mmoja. Ukifungua kesi kabla ya mwaka kupita tangu mtoto abakizwe, hakimu anatakiwa amrudishe isipokuwa kuna sababu nzito. Mwaka ukipita, yule mwingine anaruhusiwa kusema mtoto ameshazoea, ana marafiki, anaongea lugha ya huku, na hoja hiyo inaingia. Ndo maana ule ushauri wa "subiri hasira zipoe" unatumaliza, kila mwezi unaokaa kimya unamjengea mwenzio kesi.

Na meseji. Jamani meseji. Kati ya hoja ambazo mkataba unaruhusu kumkatalia mzazi ni kwamba alikubali kabla, au aliridhia baadaye. Sasa fikiria jinsi sisi tunavyoongea. Mama anaandika saa tano usiku kwamba ninahitaji kupumzika, naomba tukae kwanza huku. Baba hataki ugomvi, anataka asikie sauti ya mwanae kesho, anajibu "sawa mama, kaeni tu mpaka mambo yatulie, mungu yupo". Kwake ni upole. Miezi minane mbele hiyo skrinishoti iko mezani kwa hakimu imetafsiriwa kwa Kiingereza na wakili wa upande wa pili anasema huyu aliridhia, hakuweka hata tarehe. Unaweza kubaki mpole na bado ukajilinda, unaandika kwamba nimekuelewa, pumzika, ila makubaliano yetu ni mtoto arudi tarehe fulani na sijakubali ahamie huko. Inaonekana baridi, najua, hasa kwa mtu mliyelala kitanda kimoja miaka. Andika hivyo hivyo.

Upande wa pili wa shilingi nao lazima usemwe, maana haya mambo yakielezwa na mzazi aliyeachwa peke yake yanakuwa nusu. Ule utafiti wa 2021 ulikuta robo tatu ya waliowachukua watoto ni akina mama, na baadhi yao walikuwa wanakimbia kipigo. Mkataba una kifungu cha 13 kinachosema hakimu anaweza kukataa kumrudisha mtoto kama kuna hatari kubwa ya kumuumiza mwili au akili au kumweka mahali pasipovumilika. Kuthibitisha hilo ukiwa nchi nyingine, huna ripoti ya polisi maana hukuwahi kuripoti kwa aibu, huna cha hospitali maana ulisema umeanguka bafuni, ni mtihani. Malalamiko yamekuwa makubwa kiasi kwamba Juni 2024 wataalamu walikutana Sandton, Afrika Kusini, kuzungumzia hilo tu. Kwa maoni yangu kifungu hiki kimekuwa kikitumika kwa ubahili mno dhidi ya wanawake, ila wewe unayepanga kukimbia leo usisubiri sheria ibadilike. Kama bado uko nchi mnayoishi, nenda kwenye nyumba salama na mahakama ya pale pale, omba amri ya ulinzi na ruhusa ya kuhama na mtoto. Ukiondoka na amri hiyo wewe ni mzazi aliyehama, ukiondoka bila hiyo unatafutwa.

Haya, mtoto yuko Tanzania au Kenya na Hague haipo. Hapa msaada ni mahakama ya kule aliko mtoto, hata kama unaishi nje na huna hamu na mahakama za nyumbani. Amri uliyopewa na jaji wa Minnesota au Oslo haijitekelezi yenyewe ikifika Kilimanjaro. Hakimu ataisoma kama ushahidi, ataipa uzito wake, lakini ataamua kwa kanuni ya maslahi bora ya mtoto. Kenya hiyo imeandikwa hadi kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 53, pamoja na kwamba baba na mama wana wajibu sawa wawe wameoana au la, na kuna Sheria ya Watoto ya 2022. Tanzania Bara ni Sheria ya Mtoto ya 2009, na kwa wanandoa kuna Sheria ya Ndoa ya 1971 inayoanza na dhana kwamba mtoto chini ya miaka 7 ni vizuri awe na mama yake, dhana ambayo inaweza kupingwa kwa ushahidi, ila ukiwa baba uingie ukijua ipo. Zanzibar wana sheria yao ya watoto ya 2011 na kuna mahakama za kadhi, kwa hiyo wakili wa Dar pekee hatoshi.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Wakili anafungua maombi Mahakama ya Watoto au Mahakama Kuu, na cha kwanza cha kuomba kabla hata ya malezi ni zuio, mtoto asitolewe nje ya nchi mpaka kesi iishe na pasipoti yake iwekwe mahakamani. Ukisahau hilo unaweza kushinda kesi Kisutu wakati mtoto yuko Lubumbashi. Baadaye afisa ustawi wa jamii, au kwa Kenya afisa wa watoto, anatumwa nyumbani kuangalia anaishije na kuongea naye, na ripoti yake ina nguvu sana, wakati mwingine kuliko maneno ya mawakili wote wawili. Mzazi aliyeko nje huwa hayumo kwenye ripoti hiyo kabisa kwa sababu hakuna aliyemfikia. Mpelekee afisa mwenyewe kupitia wakili: ripoti za shule alikotoka, kadi ya kliniki, picha za chumba chake, barua ya mwalimu, rekodi ya hela unazotuma. Shirika la International Social Service, la Geneva lililoanza 1924, lina matawi na washirika nchi nyingi na linaweza kuandaa ripoti ya kijamii upande uliko wewe ili mahakama ya upande wa pili ione nyumba zote mbili. Hati za lugha kama Kijerumani au Kinorwe ziende zimetafsiriwa na kuthibitishwa, muulize wakili mapema zinathibitishwaje maana hilo peke yake linaweza kula wiki.

Hela ya wakili ikiwa ngumu, Tanzania kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na mashirika kama TAWLA, WLAC na LHRC, Zanzibar kuna ZAFELA, Kenya kuna FIDA na Kituo cha Sheria. Wengine kati yao wanawalenga zaidi wanawake, lakini baba naye apige hodi, angalau ataelekezwa. Namba 116 ya watoto inapigwa bure Kenya na Tanzania na inafaa hasa ukihofia mtoto yuko hatarini sasa hivi, wanaweza kumhusisha afisa wa eneo lile. Kwa walioko Uingereza kuna Reunite, shirika lenye makao Leicester linalofanya kazi hii tu, hata kwa nchi zisizo kwenye mkataba. Ulaya namba ya watoto waliopotea ni 116000. Na wakili ukimtafuta muulize swali moja la wazi, umewahi kushika kesi ya mtoto aliyetoka au kupelekwa nje? Wa mirathi na viwanja atakupokea vizuri, atakula hela na atajifunzia kwako.

Ubalozi nao tuelewane. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam hauwezi kwenda Mbezi kumchukua mtoto hata kama ana pasi yao. Wanachoweza ni kukupa orodha ya mawakili, kuuliza mtoto yuko wapi, na kuomba kumtembelea kuona hali yake, na hapo mpaka mzazi anayekaa naye akubali. Sio dharau, ndo mipaka yao.

Halafu kuna mashtaka ya jinai. Marekani ina sheria ya 1993 inayoweza kumfunga mzazi hadi miaka 3, Uingereza ina ya 1984. Inavutia ukiwa na hasira, na polisi wakishirikiana na Interpol wanaweza kutoa tangazo la njano la kumtafuta mtoto, ambalo linasaidia kweli kama hujui alipo. Lakini hati ya kumkamata mama ina mkia. Hakimu wa Nairobi anamuuliza, kwa nini usirudi na mtoto? Anajibu nikitua tu nawekwa pingu, mtoto atabaki na nani? Na ana hoja. Mara nyingi mawakili wanaanza na njia ya madai, jinai wanaiweka pembeni, au wanakubaliana mashtaka yafutwe mtoto akirudi. Kesi ya mtoto Sean Goldman, aliyepelekwa Brazil na mama yake 2004 na kurudi kwa baba yake Marekani Desemba 2009, ilikuwa ndani ya mkataba kabisa, ikavutwa miaka mitano na bunge la Marekani likaingilia, mpaka sheria ya 2014 ikapewa jina la mtoto na baba yake. Hiyo ni kwa mtu mwenye kila mlango wazi.

Kumvizia mtoto shuleni na kumrudisha kwa nguvu usithubutu. Kuna watu wanauza huduma hiyo kwa madola mengi, na ukikamatwa mpakani wewe sasa ndo mtoroshaji, kwenye nchi ambayo ulikuwa mlalamikaji wa haki.

Oman na Ghuba ni habari yake. Sheria ya familia kule inatenganisha kulea na uwalii, yaani usimamizi wa kisheria wa mtoto, mama anaweza kupewa mtoto mdogo amlee huku baba akibaki walii wa mambo yake makubwa. Familia nyingi za Unguja na Muscat zina ndugu pande zote, kwa hiyo hapo wazee wanaweza kufanya kazi ambayo mahakama itachukua miaka. Mimi naamini sana suluhu ya wazee kwenye kesi hizi, kwa sharti moja, mkikubaliana yaandikwe yapelekwe mahakamani yawe amri, pande zote mbili. Makubaliano ya barazani yanaisha siku mmoja akioa tena.

Kama bado hajaondoka na una wasiwasi, kazi ni rahisi zaidi kuliko yote hapo juu. Marekani pasipoti ya mtoto chini ya miaka 16 inahitaji ridhaa ya wazazi wote, na kuna mpango wa kumsajili mtoto ili ujulishwe mtu akiiomba. Lakini mtoto wa Mkenya anaweza kuwa na pasi mbili, na kuzuia ya Marekani hakuzuii ya Kenya, kwa hiyo uandikie na ubalozi wa pili barua ukiambatanisha amri ya mahakama. Marekani haina dirisha la uhamiaji la kutokea kama letu, mtu anapanda ndege tu, kwa hiyo bila amri ya mahakama iliyofikishwa mapema kwa wahusika hakuna atakayemsimamisha. Uingereza polisi wanaweza kuweka tahadhari bandarini na viwanja vya ndege ukionyesha mtoto anaondolewa ndani ya saa 24 hadi 48, usipige kusema "nahisi", piga na namba ya ndege kama unayo. Mara nyingi safari ya huku inapita Doha, Dubai, Istanbul au Addis Ababa, hizo saa za kusubiri pia ni nafasi ya kumzuia.

Na safari mkikubaliana, barua ya ruhusa isiwe mistari miwili. Tarehe ya kwenda, tarehe ya kurudi, namba za ndege, nyumba atakayofikia na simu ya mwenyeji, na sentensi kwamba makazi ya kawaida ya mtoto yanabaki pale mnapoishi. Mkiweza, pata amri pacha, yaani mahakama ya nchi anayokwenda itoe amri ileile kabla hajapanda ndege. Inagharimu, ila ni sehemu ndogo ya utakacholipa baadaye.

Wakati kesi inaendelea usikate mawasiliano na mtoto hata ukipewa dakika tano za video huku bibi kasimama nyuma. Usimuulize maswali ya upelelezi wala kumuahidi tarehe ya kurudi. Weka rekodi ya kila simu iliyokataliwa, siku na saa, umpe wakili aombe amri ya muda ya kuongea naye, ambayo mahakama nyingi hutoa mapema kabla hata hazijagusa suala la nani anabaki na nani.